Je, atomu hutembea ndani ya jiwe gumu?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Tumepewa kipande cha mwamba geu, yaani mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo, chenye punje za madini ya garneti, pamoja na vipimo vya kemia vilivyochukuliwa kwa mstari mmoja kutoka ukingo wa punje hadi ukingo wa pili. Manganisi imejaa katikati, inapungua kuelekea nje, halafu kwenye ncha kabisa inapanda tena kidogo. Wenzangu wanasema yote hiyo ni kazi ya difusheni, yaani atomu kusambaa zenyewe kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uhaba. Mimi nakwama mahali pawili. Atomu zinapitaje ndani ya kitu kigumu ambacho hakijayeyuka? Na nitajuaje kama badiliko ndani ya madini limeletwa na difusheni au na mmenyuko wa kikemia?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na wenzako, kwa sababu kosa lao ni la kawaida na nimelikuta hata kwenye kazi za watu waliobobea. Ule mlima wa manganisi ulio katikati ya garneti haukujengwa na difusheni. Difusheni ikipewa nafasi huusawazisha mpaka ukabaki uwanda. Kule kupanda kidogo kwenye ncha ndiko kwenye habari ya difusheni, na hata huko haikufanya kazi peke yake. Lakini tukianzia hapo tutakuwa tunakariri tu, kwa hiyo turudi kwenye swali lako la kwanza.

Vitabuni fuwele huchorwa kama gwaride: kila atomu mahali pake, safu zimenyooka, hakuna pengo. Fuwele ya kweli haiko hivyo. Ndani yake mna nafasi tupu, mahali ambapo atomu ilipaswa kuwepo na haipo, na kadiri joto linavyopanda nafasi hizo huongezeka. Atomu zenyewe hazijatulia. Zinatetemeka matrilioni ya mara kwa sekunde. Karibu kila mtetemo unaisha bila kuleta chochote. Ila mara mojamoja atomu iliyo jirani na nafasi tupu hupata nguvu ya kuwasukuma majirani wanaoibana, ikaruka na kukalia nafasi ile. Nyuma yake inaacha pengo jipya, na atomu nyingine huweza kuruka humo. Basi hivyo ndivyo atomu inavyosafiri ndani ya jiwe bila jiwe kuyeyuka: kwa kurithi nafasi, hatua baada ya hatua, kila hatua fupi kuliko nanomita moja.

Hakuna atomu inayojua inakokwenda. Inaruka popote penye nafasi. Lakini palipo na atomu nyingi za chuma, nyingi zitaondoka. Palipo na chache, chache zitaondoka. Na jumla ya miruko hiyo isiyo na mpango ni mkondo unaotoka kwenye wingi kwenda kwenye uhaba. Adolf Fick, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa fiziolojia, aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1855 akichunguza chumvi inavyosambaa majini. Kanuni hiyohiyo tunaitumia leo kwenye mawe.

Kuna tokeo moja la kanuni hiyo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote: umbali unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka badiliko lifike mbali mara mbili, ngoja mara nne. Chukua olivini, madini yenye chuma na magnesiamu, iliyomo kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, yenye nyuzi 1,200 za Selsiasi. Chuma na magnesiamu hubadilishana nafasi ndani yake, na kwa siku moja badiliko hupenya kiasi cha maikroni 3, maikroni ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa mwaka mzima, yaani muda mara 365, halifiki mbali mara 365. Linafika mara 19 tu, kama maikroni 57, ambazo ni karibu na unene wa unywele. Kwa miaka 100 linakaribia nusu ya milimita na kidogo. Ndiyo maana punje ndogo husawazishwa mapema na kubwa hubaki na kumbukumbu katikati: joto ni lilelile, muda ni uleule, ila safari ya kufikia kiini ni ndefu zaidi.

Halafu kuna joto, na hapa mambo hubadilika kwa kiwango ambacho akili haikubali kirahisi. Atomu inayoruka lazima ivuke kizingiti cha nishati. Kwa chuma na magnesiamu katika olivini kizingiti hicho ni kiasi cha kilojuli 200 kwa moli. Ukifanya hesabu, kushuka kutoka nyuzi 1,200 hadi 900 kunapunguza kasi ya difusheni mara 65 hivi. Ukishuka hadi 600, imepungua mara 75,000 hivi. Ukishuka hadi joto la kawaida la juu ya ardhi, umri wote wa dunia, miaka bilioni 4.5, hautoshi badiliko kusogea hata upana wa atomu moja. Jiwe ulilolishika mkononi limeganda kabisa kwa maana hii. Kilichoandikwa ndani yake kwenye joto kimebaki kama kilivyokuwa siku lilipopoa, na hilo ndilo linalotuwezesha kukisoma.

Si kila elementi ina mwendo mmoja. Magnesiamu na chuma zina ukubwa unaokaribiana na chaji ileile, hivyo hupishana bila vurugu kubwa. Plajioklesi, aina ya feldispa yenye kalsiamu na sodiamu, ni kisa kingine. Humo kalsiamu haiwezi kuchukua nafasi ya sodiamu peke yake, kwa sababu chaji hazilingani. Lazima alumini nayo ichukue nafasi ya silikoni kwa wakati huohuo. Atomu hizo mbili zimefungwa na oksijeni kwa vifungo vigumu kuvunja. Matokeo yake, plajioklesi hubaki na pete zake za ukuaji, moja ndani ya nyingine, hata ikiwa imekaa ndani ya magma moto muda ambao olivini jirani yake ingekuwa imesawazishwa kabisa. Tena ndani ya olivini yenyewe mwelekeo una uzito: kwenye mhimili mmoja wa fuwele chuma na magnesiamu husafiri kwa kasi ya takriban mara sita ya ile ya mihimili mingine. Anayepima bila kujua fuwele imelala vipi atapata muda usio wa kweli.

Wataalamu wa umri wa miamba wanaishi na jambo hili kila siku. Mwaka 1973 Martin Dodson alieleza kwa hesabu halijoto ya kufunga, yaani joto ambalo madini yakipoa chini yake hayaruhusu tena kitu fulani kutoroka. Argoni, gesi inayozaliwa na potasiamu yenye mionzi, hutoroka kutoka kwenye biotiti, yaani mika nyeusi, mpaka ipoe kufikia nyuzi 300 na kidogo. Risasi inayozaliwa na urani ndani ya madini ya zirkoni imefungwa hata juu ya nyuzi 900. Kwa hiyo watu wawili wakipima mwamba mmoja, mmoja kwa biotiti na mwingine kwa zirkoni, wanaweza kupata umri unaopishana mamilioni ya miaka na wote wakawa sahihi. Wamesoma saa mbili zilizoanza kuhesabu nyakati tofauti.

Mpaka hapa nimezungumzia fuwele inayobaki imesimama huku atomu zikipenya ndani yake. Hiyo ni njia ya kwanza, na katika miamba iliyopo mbali na joto kali si njia kuu. Njia ya pili ni fuwele kubomolewa na nyingine kujengwa mahali pake, na fundi wake mkubwa ni maji.

Kuna jaribio la maabara ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha kwa macho kile ambacho ardhini kinafichika. Unachukua fuwele ya potasiamu bromaidi, safi, inayopitisha mwanga kama kioo. Unaizamisha katika maji yaliyoshiba potasiamu kloraidi. Baada ya muda mfupi ukingo unaanza kuwa mweupe kama maziwa, na weupe huo unaingia ndani ukiwa na mstari mkali mbele yake: huku maziwa, huku kioo. Umbo la nje halibadiliki. Pembe ni zilezile, nyuso ni zilezile. Lakini ukipima, sehemu nyeupe imekuwa kloraidi na sehemu angavu bado ni bromaidi. Kilichotokea ni kwamba utando mwembamba sana wa maji uliopo kwenye mstari ule unamumunyusha fuwele ya zamani upande mmoja, na papo hapo unaachia fuwele mpya upande wa pili. Fuwele mpya haijazi nafasi yote, inaacha vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga hadi tuone weupe. Ndivyo pia vinavyopitisha maji mapya kuufuata mstari unaosonga. Bila vitundu mmenyuko ungejifungia mlango.

Sasa chukua kipande cha graniti na utazame feldispa zake. Nyingi hazipitishi mwanga. Zina ukungu mweupe, au zimekuwa na rangi ya waridi. Ukungu ule ni vitundu vilevile, na rangi ya waridi mara nyingi ni chembechembe za oksidi ya chuma zilizotua ndani yake. Feldispa ile imepitiwa na maji ya moto na kujengwa upya, ingawa umbo lake limebaki. Nilipokuwa naanza kazi hii nilitumia siku nyingi kukokotoa muda kutokana na mpaka wa kemia niliouona ndani ya feldispa moja, nikiuchukulia kuwa ni difusheni. Hesabu zilitoka nadhifu kabisa. Kisha nikaiweka punje ileile kwenye hadubini ya elektroni kwa ukuzaji mkubwa, nikakuta upande mmoja wa mpaka umejaa vitundu na upande wa pili hauna hata kimoja. Nilifuta hesabu zote. Tangu hapo sikokotoi kitu kabla ya kutazama picha.

Maji hayaishii kubadilisha kemia ya madini yaleyale. Huzaa madini mapya kabisa. Olivini ya chini ya sakafu ya bahari ikikutana na maji hugeuka serpentini, madini yenye maji ndani yake, na ikiwa hakuna kinachobebwa na kuondoka, ujazo wake huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kuvimba huko kunapasua punje, nyufa zinaingiza maji zaidi, na ndiyo maana chini ya hadubini unaona wavu wa serpentini wenye visiwa vidogo vya olivini katikati ya kila tundu. Chuma kilichokuwa ndani ya olivini kinapata oksijeni kutoka kwenye maji, kinakuwa magnetiti, aina ya oksidi ya chuma, na hidrojeni inaachiwa huru. Katika bahari ya Atlantiki, mwaka 2000, watafiti waliigundua sehemu waliyoiita Lost City, ambako mmenyuko huu unalisha minara ya kabonati yenye kimo cha hadi mita 60. Huko juu ya ardhi, maji ya mvua yaliyobeba hewa ya ukaa hufanya kazi kama hiyo taratibu zaidi: feldispa ya potasiamu inapoteza potasiamu na sehemu ya silika yake, kinachobaki ni kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi.

Hapo utajiuliza, kama maji yana nguvu kiasi hiki, kwa nini miamba yote haijawa udongo? Kwa nini madini yaliyozaliwa kilomita 30 chini ya ardhi bado yapo juu, mahali ambapo kwa kanuni za kemia hayastahili kuwepo? Sehemu ya jibu ni ubaridi, kama tulivyoona. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba safari ya kwenda na ya kurudi hazifanani. Mwamba wa udongo unapozama na kupashwa moto hufukuza maji yake hatua kwa hatua. Kloriti, madini ya kijani yenye maji, inavunjika, mika zinavunjika, na maji yaliyokuwa ndani yao yanapanda juu na kupotea. Mwamba ukiwa kwenye kilele cha joto umekauka. Ukianza kurudi juu na kupoa, menyuko za kuurudisha ulikotoka zinahitaji maji yaleyale yaliyokwisha kuondoka. Hayapo. Kwa hiyo unabaki na sura ya kilele chake, isipokuwa kandokando ya nyufa, mahali ambapo maji kidogo yalipata njia. Ndiyo maana garneti nyingi ni safi katikati na zina kloriti ya kijani kwenye mipasuko tu.

Kuna jambo jingine linalounganisha njia hizi mbili, nalo huwa linasahaulika. Mmenyuko mara nyingi unasubiri difusheni. Katika gabro, mwamba mweusi uliotokana na magma, iliyopashwa moto ikiwa haina maji, olivini na plajioklesi zilizogusana hazipatani tena, zinaanza kumenyuka na kujenga pete ya madini mengine, piroksini na garneti, katikati yao. Pete ikishajengwa, mahasimu wametenganishwa. Magnesiamu kutoka upande huu na alumini kutoka upande ule lazima zivuke pete ndipo zikutane, na kadiri pete inavyonenepa ndivyo safari inavyorefuka. Ukuaji wake unafuata kipeuo kilekile cha pili cha muda, na mwamba unapopoa pete inasimama ikiwa haijamaliza kazi. Atomu hizo kwa sehemu kubwa hupita kwenye mipaka kati ya punje na punje, ambako mpangilio umelegea na mwendo ni wa haraka mno kuliko ndani ya fuwele.

Basi unatofautishaje? Tazama mpaka kwanza. Difusheni huacha mteremko laini. Kumumunyuka na kujengwa upya huacha ukuta. Kisha linganisha elementi zaidi ya moja. Katika difusheni kila elementi ina mwendo wake, kwa hiyo miteremko yake ina urefu tofauti. Katika kujengwa upya zote hubadilika kwenye mstari mmoja, za haraka na za polepole, kwa sababu ukuta wote umebomolewa kwa mara moja. Tafuta vitundu, tafuta nyufa, tazama kama badiliko linafuata ufa badala ya kufuata umbo la punje. Na usisahau kwamba kuna asili ya tatu, ambayo si difusheni wala si kujengwa upya: fuwele kubadilikiwa na chakula chake, yaani kemia iliyoizunguka, wakati inakua.

Hapo ndipo tunarudi kwenye garneti yako. Garneti ina uchu wa manganisi kuliko karibu madini mengine yote ya mwamba wake. Ilipoanza kukua, kiini kilijinyakulia manganisi iliyokuwepo jirani. Tabaka zilizofuata zilikuta imebaki kidogo, na kidogo zaidi, mpaka nje. Ndio mlima unaouona. Ni kumbukumbu ya ukuaji, kama pete za mti. Kwa kuwa bado upo, tunajua mwamba wako haukukaa muda mrefu sana kwenye joto la kufuta. Kwa punje za milimita chache, mlima kama huo huanza kulegea mwamba unapokaa mamilioni ya miaka juu ya nyuzi 650 au 700 hivi. Tazama punje ndogo kabisa kwenye kipande chako: kama hata hizo zina mlima mkali, kilele cha joto kilikuwa chini ya hapo au kilikuwa kifupi.

Kule kwenye ncha ni hadithi ya baadaye. Baada ya kilele, sehemu ya nje ya garneti ilianza kuliwa na mmenyuko. Chuma na magnesiamu zake zilipata makao kwenye biotiti au kloriti iliyokuwa ikijengwa. Manganisi haikupata makao mazuri huko, basi ikarudi kwenye garneti iliyobaki na kurundikana ukingoni, na kutoka ukingoni ikapenya ndani umbali mfupi kwa kuruka nafasi hadi nafasi. Mmenyuko uliileta mlangoni, difusheni ikaiingiza ndani. Ujue pia kwamba ukingo wa nje uliopo leo si ule garneti iliokuwa nao ilipomaliza kukua. Kiasi fulani kimeshaliwa, na kama mlima wako haulingani pande mbili, upande mfupi huenda ndio ulioliwa zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Omba vipimo viwili vipya vinavyoanzia kiinini: mmoja uishie pale garneti inapogusana na biotiti, mwingine uishie pale inapogusana na kwatzi. Kwatzi haina chuma wala magnesiamu za kubadilishana, hivyo upande huo ndio utakaokuwa umesumbuliwa kidogo. Kwenye biotiti tazama magnesiamu inashuka na chuma inapanda ukingoni, jinsi inavyotakiwa garneti na biotiti zinapobadilishana huku zikipoa. John Ferry na Frank Spear walilipima badilishano hilo maabara mwaka 1978 na kulifanya kipimajoto. Kwa joto la kilele usitumie ukingo huo, maana umeshavurugwa. Na waambie wanaoendesha mashine wasiweke vituo kila maikroni 50 kama walivyofanya kwenye mstari wako wa kwanza, ikiwa walifanya hivyo. Katika maikroni 100 za mwisho waweke kila maikroni 3 hadi 5. Mwale wa elektroni unaweza kupima eneo la maikroni moja au mbili, na mteremko unaoutafuta wote umo katika kipande hicho kifupi.